Watazamaji Laki Moja na Kiti cha Msusi

Fundi Springi alikuwa bingwa wa makochi. Ungempelekea kochi lililobonyea mpaka mgeni akikaa magoti yanagusa masikio. Yeye angelirudisha limevimba kama mtu aliyesifiwa. Mke wake alishona vitambaa. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele. Chumba cha nyuma walilala wao na watoto watatu.

Mwezi huo fundi hakutulia. Anakaa, anasimama. Anafungua mlango, anachungulia barabara, anaufunga. Wateja walikuwa wameadimika. Kiwanda cha samani katika mji wa mbali kilikuwa kimempigia simu. Kazi ipo, lakini atahamia huko, na nyumbani atarudi mara mbili kwa mwaka. Walimpa mpaka mwisho wa mwezi atoe jibu.

"Ukienda, watoto watakujua kwa picha," mke wake alisema.

"Nisipoenda, watanijua kwa njaa," fundi akajibu, akasimama tena.

Ndipo akatokea wakala wa matangazo. Viatu vyake vilimeta hata paka wa jirani alijiona ndani yake, akakimbia.

"Nipe video fupi moja tu," wakala alisema. "Tunaisambaza kwenye kurasa mia mbili za mtandaoni. Watu laki moja wataiona."

"Laki moja!" fundi alisema.

"Laki moja wa wapi?" mke wake aliuliza.

"Wa kila mahali, mama. Dunia nzima!"

Mke hakulipenda jibu hilo. Lakini fundi alikuwa ameshampa wakala pesa za kununulia sponji. Wakafagia karakana. Wakapiga video ya kochi jipya, wakaweka na muziki.

Jumatatu video ikasambazwa. Fundi akafunga kamba mlangoni ili wateja wapange foleni. Mara akaja jirani yao, msusi, amebeba kiti cha saluni kilichochanika.

"Shemeji, nitengenezee hiki."

"Wiki hii haiwezekani, shemeji. Nina watu laki moja njiani."

Msusi alitazama barabara. Kulikuwa na kuku wawili. Akabeba kiti chake, akaondoka.

Siku tatu fundi hakula akashiba. Mkono mmoja kijiko, mkono mmoja simu. Watazamaji elfu ishirini. Elfu sitini. Alhamisi ikatimia laki moja kamili. Mteja hakuja hata mmoja. Mtazamaji mmoja aliandika kwa herufi ambazo hakuna aliyezijua mtaani. Mwingine aliuliza, "Wimbo huu unaitwaje?"

Jumamosi msusi alirudi na kiti chake. Kamba bado ilikuwa mlangoni.

"Naona foleni ni ndefu," alisema. "Hao laki moja umewakalisha wapi, shemeji? Uani?"

"Usinicheke. Nimeibiwa."

"Hukuibiwa. Ulinunua macho, ukapewa macho. Wewe ulikuwa unataka makochi. Mtu aliye safari ya siku tatu kutoka hapa atakuletea kochi kichwani?"

Mke wa fundi alimvutia jirani yake stuli. "Dada, na wewe saluni yako inajaaje? Unalipia?"

"Nilianza bila kulipa. Naweka video zangu mwenyewe kwenye ukurasa wangu. Naonyesha kichwa kikiwa timutimu, halafu nikikisuka. Nataja mtaa. Mtu akiuliza, namjibu siku hiyo hiyo. Ila ni kazi ya polepole, nisikudanganye. Mwezi wa kwanza alinitazama mama yangu peke yake, na bando nilimnunulia mimi."

"Kwa hiyo kulipia ni kubaya?"

"Si kubaya, kuna wakati wake. Kwanza weka bure. Tazama ni video ipi inafanya watu waulize maswali. Hiyo ndiyo uiongezee pesa kidogo, na uchague ionekane na watu wa karibu tu. Na anayetaka pesa yako muulize: akina nani wataona? Wako wapi? Nitajuaje kama wamekuja? Akikujibu 'dunia nzima', mfungie mlango."

"Mwezi umebakiza wiki mbili!" fundi alisema, huku akizunguka chumba.

"Basi acha kuzunguka. Anza na kiti changu."

Fundi akachukua ufagio. "Ngoja kwanza nifagie."

"Usifagie!" wanawake wote wawili walisema. Mke akawasha kamera ya simu, timutimu ya karakana ionekane.

Fundi akachana kitambaa cha zamani. Zikamwagika pini za nywele, kama gunia la mtama limepasuka. Likafuata chanuo lisilo na meno. Halafu ikadondoka hereni ya dhahabu.

"Uuuwi! Hereni yangu!" msusi alipiga kelele. "Nimemnunia dada yangu mwaka mzima kwa hereni hii!"

Mke alicheka mpaka simu ikatikisika. Akaiweka video mtandaoni hivyo hivyo, akaandika jina la mtaa na namba ya simu.

Jioni ilikuwa na watazamaji mia mbili.

"Mia mbili tu!" fundi alisema. "Tumrudie wakala."

"Baba watoto, soma kwanza." Mke alimshikia simu mbele ya pua. Watu kumi na wawili walikuwa wameuliza. "Kochi langu lina nini ndani?" "Mko upande gani wa soko?" Mke alimjibu kila mmoja.

Si kila video ilipendwa. Ile ya rangi za vitambaa ilitazamwa na watu tisa, na fundi mwenyewe alikuwa wanne kati yao. Lakini kila walipochana kochi kuukuu na kuonyesha yaliyomo, maswali yalikuja. Mwenye nyumba ya wageni akaleta makochi mawili. Ndipo wakalipia kidogo ile video ya hereni, siku tatu, kwa watu wa mji wao tu. Kila aliyeingia, mke alimuuliza, "Umetujuaje?" Wengi walijibu, "Kwa hereni."

Siku ya mwisho wa mwezi ukumbi wa mikutano ulileta viti arobaini. Karakana ilijaa mpaka watoto wakawa wanaingia chumbani kwa dirisha. Fundi alikuwa amepiga magoti, nyundo mkononi, misumari midogo imejaa mdomoni. Simu ikalia. Mke akapokea.

"Tunapiga kutoka kiwandani. Tunataka jibu la fundi."

Mke akamgeukia mume wake. Fundi hakuweza kufungua mdomo. Akatikisa kichwa kwa nguvu, msumari mmoja ukamtoka.

"Mmenisikia?" sauti iliuliza.

"Nimesikia," mke alisema. "Ana misumari mdomoni, lakini amejibu. Haji."