Aliyesingiziwa Filimbi

Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa sita, saa kumi alasiri, Kamanda aliporudi kutoka kwenye tume ya uchunguzi akakuta kiti cha marehemu mkewe kina joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

Asubuhi ile alikuwa ameshika kitabu kitukufu na kuapa. Tume ilitaka kujua nani alipuliza filimbi, maana kwa kikosi chake filimbi moja ndefu ndiyo iliyokuwa amri ya kufyatua risasi, na siku ya maandamano vijana waliokuwa wakichoma matairi na kurusha mawe barabarani walianguka wengi. Akajibu kwamba si yeye wala askari wake. "Ni shetani tu alipita," alisema, kama watu wasemavyo sahani ikivunjika.

Kesho yake nyumba ikanuka matairi yaliyoungua. Dada yake, aliyekuwa akimpikia tangu afiwe, akafungua madirisha yote, harufu ikazidi. Alasiri filimbi ikalia sebuleni, moja, ndefu. Dada akafunga mizigo. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba damu ni nzito kuliko maji, lakini yeye hawezi kumpakulia mgeni asiyemwona.

Akabaki peke yake. Kila alipokaa kula, kiti cha mkewe kilivutwa taratibu, na pumzi ikasikika ng'ambo ya meza, na yeye aliyewahi kuamuru kikosi kizima akawa anakula ameinamisha kichwa, hainui macho hata chumvi ikipungua, maana alijua akiyainua atauona uso, na hakujua utakuwa uso wa nani.

Mzee wa visomo akaitwa. Akasoma, kisha akamuuliza mgeni ni nani. Jibu likatoka kinywani mwa Kamanda, kwa sauti nyembamba isiyo yake.

"Mimi ndiye niliyesingiziwa. Siku ile sikuwepo. Hata sisi tunaogopa bunduki."

Mzee akafunga kitabu. "Mwanangu, huyu hafukuzwi. Ana haki yake. Rudi ulipoapia, ukamsafishe."

Akaenda. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimebebanishwa ukutani. Mlinzi akamwambia tume imeshamaliza kazi, imeona hakuna wa kulaumiwa, na kama amesahau mwavuli autafute upesi. Kamanda akavigeukia viti.

"Ni mimi niliyepuliza."

"Sawa, mzee," mlinzi akasema. "Ukitoka uvute mlango."

Nyumbani harufu ilikuwa imekwisha. Kiti kilikuwa baridi. Akakigusa tena, akaona haya kwamba amelitamani lile joto. Kesho yake, saa kumi, filimbi ikalia, moja, ndefu, na hapakuwa tena na mgeni wa kusingiziwa: ilitoka katikati ya midomo yake mwenyewe.

Ee Mola, warehemu walioanguka barabarani siku ile. Wapanulie makaburi yao, uwatie nuru, na Wewe ambaye ukumbi wako haufungwi, wasikilize. Amina.