Waya Nilioukaza Mimi, Akachapwa Shemeji

Nina miaka arobaini, mzaliwa wa Bagamoyo, fundi wa waya wa simu hapa Dodoma chini ya Wadachi. Wasomaji wenzangu, msijisumbue kunionea huruma. Mtu mwenyewe sistahili!

Nilipoletwa huku bara nilijiona mstaarabu peke yangu. Nina kanzu, nina kilemba, najua kusoma... Wagogo niliwaona wachunga mbuzi tu. Hata nilipomwoa Nyemo, binti wa kijiji cha Mkonze, nilijiona nimewafanyia hisani wazazi wake. Jamani, kiburi!

Kaka yake, Ndahani, alikuwa kibarua wangu kwenye waya. Mwaka mmoja Mdachi mkubwa alikuwa anakuja kukagua kazi, mvua bado hazijaanza, jua la kupasua kichwa. Nikataka waya unyooke nguzo hadi nguzo, usibonyee hata kidogo. Ndahani akaniambia kwa adabu zote, "Shemeji, uache ulegee. Sasa chuma kimetanuka kwa joto. Baridi ya kipupwe ikija kitasinyaa, kitakosa nafasi, kitakatika."

Aliyajua hayo kwa sababu alifanya kazi na fundi aliyenitangulia. Mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mchunga mbuzi anifundishe mimi chuma! Nikamwamuru avute, nikaukaza saa sita mchana. Mdachi akaja, akatazama, akanipigapiga begani. Nikavimba kichwa mwezi mzima.

Kipupwe kikaingia. Mnaijua baridi ya asubuhi ya Dodoma, ile ya kung'ata masikio? Siku moja kulipokucha, simu kimya. Tukaukuta waya umelala chini karibu na Mkonze, ncha zake zimevutika, nyembamba. Waya uliokatwa kwa panga hauwi hivyo. Nilijua pale pale!

Mdachi wa boma la hapa akaniuliza mimi, fundi wake, ni nani aliyefanya hivi. Unadhani nilimjibu nini? Nikasema ni hawa Wagogo, hukata waya wakafanya bangili.

Askari wakaingia nyumba za jirani. Mkononi mwa mama mkwe wangu wakaona bangili ya waya. Wasomaji, bangili ile nilimpa mimi, kwa mkono wangu huu, kutoka kwenye vipande vilivyobaki kazini! Ndahani akasimama mbele ya mama yake. Akasema, "Muulizeni shemeji. Yeye anajua ilikotoka."

Macho yote yakanigeukia... Nikasema siijui.

Wakamkamata Ndahani badala ya mama yake, akachapwa viboko hamsa ishirini, akatiwa minyororo bomani, akapelekwa kupasua mawe.

Na huo waya je? Ukakatika tena wiki ile ile, mara mbili, na mwizi yuko bomani! Mngedhani Mdachi na elimu yake yote angeshtuka. Thubutu! Akasema mwizi ana wenzake, akakamata wanaume wengine wawili, nao wakala kiboko. Elimu gani hiyo?

Hapo nikaogopa. Nikapita nguzo kwa nguzo, najifanya natengeneza, nikaulegeza waya wote. Haukukatika tena. Mdachi akafurahi, akasema kiboko kimewafundisha adabu. Nami nikaitikia, "Ndiyo, bwana." Nilijitemea mate moyoni, lakini nikaitikia.

Ndahani hakurudi. Vidonda vya mgongo vilitunga usaha, akafia bomani kipupwe hakijaisha.

Tulipotoka matangani, Nyemo alinitazama kama kitu alichokanyaga njiani. Akasema, "Waya umelegezwa, nimeuona. Kaka alitusimulia alivyokushauri ukamcheka. Kumbe ulijua! Mbona hukusema akiwa hai?"

Akajitwika mzigo wake, akarudi kwao na mimba yangu tumboni. Mtoto amezaliwa. Jina lake sijaambiwa mpaka leo.

Ninyi mnaojitia ujuaji mbele ya watu mnaowadharau, nawasihi, msipite nilipopita! Ukikosea, sema siku ile ile, hata wakucheke, hata ufukuzwe kazi. Mimi nilikwepa aibu ya kuitwa mjinga siku moja tu. Sasa nikikutana na mama mkwe kisimani namwamkia shikamoo, naye anaendelea kuchota maji, kana kwamba hapana mtu aliyesimama pale.