Mate ya Tarumbeta

Rafiki yangu, fundi wa matarumbeta, siku hizi hanywi kitu cha moto. Ukimuuliza, hutema mate kwanza.

Mtunza ukumbi wa muziki alimletea tarumbeta lililofungiwa kabatini miaka thelathini. Mtunzi mmoja alikuwa amemwandikia kaka yake muziki wa kupuliza kwa tarumbeta hilo, na kaka, mgonjwa wa kifua, akafia jukwaani noti moja tu ikiwa imebaki.

“Jioni tunaumalizia muziki ule,” alisema mtunza ukumbi. “Lijaribu.”

Fundi akafungua kitundu cha kutolea mate. Yakachuruzika mazito, yananuka.

“Nani kalipuliza hili?”

“Hakuna. Ufunguo ninao mimi.”

Akalifuta, na kwa mazoea ya kazi akalitia mdomoni. Kabla hajapuliza, kitu kikakohoa humo ndani, na kinywa chake kikajaa makohozi ya moto, yenye ladha ya dawa ya kifua.