Makofi ya Uwanjani

Soko la mji wa Zacapa lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Nery alikuwa akirudi kinyumenyume huku akipayuka kwenye simu, akakanyaga kikapu cha nyanya alizonunua mwalimu Odilia.

"We kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani, mrembo. Zilizopondeka nitazila zote."

"Haya, anza. Nakutazama."

Akazila kweli, maji yakimchuruzikia shati lenye picha ya mjusi mweusi, magamba kama shanga. Odilia, ndani ya gauni la njano, alicheka mpaka akashika mbavu.

Mjusi huyo wa bonde lao wanamwita Mtoto Aliyelala. Ana sumu, na zamani walimuua kwa kuamini mkia wake huita radi. Sasa sheria inamlinda, na mji unamwonea fahari. Ukimkuta uani, unamfunika kwa beseni na kumpigia simu Nery wa kituo cha hifadhi, naye hukupakia kwenye pikipiki pamoja na mjusi wako, mkapita uwanja wa mji polepole watu wakikupigia makofi.

Mapenzi yao yalikolea kwa simu. "Mwalimu wangu, umekula?" "Nakusubiri wewe, mla nyanya."

Mvua za kwanza zilifika alasiri moja, na radi zake. Mjusi akatambaa hadi kizingitini kwa Odilia. Bibi Chayo akapiga yowe. "Muue, mjukuu wangu! Tutaungua!" Odilia, aliyewafundisha watoto darasani kumlinda mnyama huyo, akashika panga. Nusu ya mkia ikabaki sakafuni, ikitingishika.

Simu ikalia. "Mpenzi, niko njiani."

"Usije."

"Mbona unahema? Uko na nani?"

"Nakuomba usije, Nery." Akakata.

Akamfunika mjusi kwa beseni, maana hakuweza kumtazama. Nery aliingia amelowa chapachapa, wivu umemjaa usoni.

"Mwambie atoke."

"Nani?"

"Huyo mwanamume wako!"

Odilia akainua beseni.

Nery alipiga magoti kando ya mjusi. "Nani kafanya hivi?"

"Ni mimi, mwanangu," Bibi Chayo akadakia. "Nilimwamrisha."

"Hapana, Bibi. Panga nililishika mimi."

Nery hakumtazama. Alivaa glavu zake, akamweka mjusi ndooni. "Kuna daktari kule kituoni. Panda pikipiki, ushike ndoo."

Njia ilipita uwanjani. Mvua ilikuwa imekatika, watu wamerudi kwenye mabenchi. Mama Tencha, muuza chapati za mahindi, ndiye aliyewaona kwanza.

"Mwalimu kapata Mtoto! Hongera, binti! Jamani, makofi!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Nery, kwa mazoea, akapunguza mwendo. Mtoto wa darasa la Odilia akampungia mkono. Odilia alihisi uso ukimwaka.

"Msinipigie!" alisema, sauti ikimkatika. "Nimemkata. Nimemkata mkia mimi mwenyewe."

Makofi yakafifia, moja moja, yakaisha. Mama Tencha alibaki na viganja hewani. Odilia akainamisha kichwa, akasubiri kuambiwa ashuke.

Nery alipapasa nyuma, akaupata mkono wa Odilia usioshika ndoo, akauzungushia kiunoni mwake.

"Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Najua."

"Nyingi tu. Nishike vizuri, mbele kuna matope."