Chuma Kilichomo Mguuni mwa Nehemiah

Nehemiah alikuwa fundi cherehani mjini Kisii. Alishonea barazani pa duka la Indravadan, na tangu asubuhi ungesikia miguu yake ikisukuma pedali. Jioni alipanda kilima cha Nyanchwa kurudi kwa mkewe, Bathsheba, na mwana wao Joash.

Mwaka wa 1974, wakati wa mvua, aliteleza kwenye matope akavunjika mguu wa kulia. Hospitalini daktari aliupasua, akaunga mfupa kwa chuma na skrubu, akashona. Nehemiah akarudi nyumbani na magongo, bendeji nyeupe, na sifa kubwa kuliko za fundi yeyote mjini.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Siku ya Sabato, baada ya ibada, wageni walijaa sebuleni. Kila mmoja alitaka kuona mahali chuma kilipoingia. Na Nehemiah, maskini, alipenda kuonyesha. Akafungua bendeji.

"Gusa hapa, mjomba," alimwambia Makori, aliyetoka Suneka. "Unakisikia?"

Makori aligusa. Alikuwa ametoka kumenya ndizi. Mama mmoja naye aligusa, akamwombea. Bathsheba alifunga bendeji ileile, kisha akaifungua tena wengine walipobisha hodi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mikono tu haikuoshwa.

Siku chache baadaye mshono ulikuwa mwekundu na wa moto. Nehemiah akatetemeka kwa homa.

"Ni chuma kinazoea mwili," alisema.

Bathsheba hakubishana naye. Alimwita jirani yao Persis, ambaye ni nesi. Persis aliosha mikono kwa sabuni, akainua bendeji, akaona usaha.

"Nani amekuwa akifungua hii?"

"Wageni walitaka kuona, sista," Nehemiah alijibu.

"Baba Joash, huu ni mguu au ni maonyesho ya kilimo?"

Nehemiah aliinamisha kichwa. Persis akavuta kigoda.

"Sikilizeni. Vijidudu viko mikononi mwetu sote, hata mikono inayoonekana safi. Vikiingia kwenye nyama, damu huvipiga vita na kupeleka dawa. Lakini chuma hakina damu. Vikikifikia vinang'ang'ania kama ukoko kwenye sufuria. Hapo daktari huenda akalazimika kukitoa. Mfupa ukioza, mguu nao hukatwa."

"Na mimi nitashona kwa mguu gani?" Nehemiah aliuliza. Aliogopa, na hakuficha.

"Ndiyo maana tunaenda hospitali leo. Msipake majani wala kitu chochote."

Walikwenda. Daktari alisafisha kidonda, akamlaza, akaagiza sindano. Bathsheba alikaa kwenye benchi akiuwaza ule mguu. Homa ilipoisha, daktari alimwita.

"Mmewahi. Vijidudu havijafika kwenye chuma. Kitabaki."

Bathsheba alilia kwa furaha mbele ya watu wote, na mimi ningelia pia.

Nyumbani waliweka beseni la maji na sabuni mlangoni. Wageni walinawa, wakanywa chai, wakaondoka bila kuona chochote. Bendeji aliibadilisha Persis peke yake, kwa mikono safi na kitambaa safi. Nehemiah alimeza dawa mpaka zikaisha, hata baada ya kujisikia mzima. Mwaka uliofuata alipoota jipu mkononi, hakulitumbua. Alikwenda zahanati mara moja, kwa kuwa Persis alimwonya kwamba vijidudu husafiri na damu hadi kwenye chuma.

Siku moja Makori alipita dukani kwa Indravadan.

"Mpwa wangu, kile chuma bado kipo? Hebu nikione."

"Kipo, mjomba. Lakini hakitazamwi. Kaa hapo usikilize."

Nehemiah akaweka suruali chini ya sindano, akakanyaga pedali kwa miguu yote miwili. Cherehani ikanguruma barazani kote.

"Umekisikia?" aliuliza.

"Nimekisikia," Makori alisema, akavuta kiti.