Shangazi Si Mgeni

Habari hii nimepewa na mjukuu wangu wa kike, likizo iliyopita, tulipokuwa tukichambua maharage sebuleni kwangu. Aliisimulia akiwa ameinamisha kichwa, nikajua kuna mahali inauma. Naiandika kama alivyonipa.

Kila siku akitoka shule, mjukuu wangu huvua sare, hula, kisha huenda zizini kuwanywesha kondoo wa baba yake, ambaye ni mwanangu wa pili. Kazi hiyo aliijua hata akifumba macho. Lakini mwaka huo mambo yalivurugika. Wanunuzi wa ng'ambo walibadilisha masharti. Kondoo wa kusafirishwa sharti avae hereni ya plastiki yenye namba sikioni, tena akae wiki tatu katika zizi la peke yake, asichangamane na wengine. Serikali ikatoa ruzuku ili wafugaji wasiachwe nyuma: kwanza waya na hereni, halafu, zizi likishapita ukaguzi, mabati.

Mwanangu hakuweza kusubiri. Aliezua mabati ya jiko, akaezekea zizi jipya. Tangu siku hiyo mkewe akawa anapika chini ya mwavuli.

"Kondoo wana hereni na wana paa," mama mtu alisema, moshi ukimtoa machozi. "Mimi sina hereni wala paa. Labda nami nianze kulia mee."

"Vumilia, mama watoto. Wakipita ukaguzi, utapata mabati mapya."

"Na wasipopita?"

Mwanangu akakuna kisogo. Tangu utoto wake, akikuna kisogo ujue maji yamezidi unga.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeyaelewa masharti yale. Kwenye mkutano wa wafugaji, mmoja alisema wanyama watengwe ili wanenepe, mwingine akasema ni ili wasiibwe. Jirani yao, fundi seremala, akauliza kama kondoo watapewa na pasipoti. Watu wakacheka, mkutano ukaisha, kila mtu akarudi kwake na lake kichwani.

Kondoo wazuri wakachaguliwa, wakavishwa hereni, wakatengwa. Na hapo likazuka jingine: hawakula. Walisimama wamejibana kwenye waya, macho yote upande wa pili alikokuwa Shangazi. Huyo Shangazi ni kondoo jike mzee mwenye kengele shingoni, ndiye kiongozi wa kundi. Akila, wanakula. Akilala, wanalala. Kwa uzee wake hakuwa wa kuuzwa, kwa hiyo aliachwa zizi la zamani.

"Baba, wanakonda," mjukuu wangu alisema.

"Watazoea," baba yake alijibu, lakini mkono ulikuwa kisogoni.

Mtoto akawaza akawazua. Wamekatazwa kuchangamana na wengine, sawa. Lakini Shangazi naye ni mgeni? Si amewazaa nusu yao? Jioni moja baba yake alipotoka kwenda dukani, akamfungulia Shangazi mlango wa zizi jipya. Bibi mkubwa aliinamisha kichwa kwenye hori, na wote wakainama naye. Kabla baba hajarudi, akamtoa. Ikawa hivyo kila jioni.

Kondoo wakanawiri. "Si niliwaambia watazoea?" mwanangu alijigamba, kifua mbele.

Siku ya ukaguzi akaja daktari wa mifugo, mama mrefu mwenye buti za mpira. Alikuja na gari dogo la mizigo, na nyuma yake yaling'aa mabati. Mama mtu alipoyaona, akaufunga mwavuli wake.

"Kuna mnyama yeyote aliyeingia humu kutoka nje?" daktari aliuliza.

"Hata inzi, daktari!" mwanangu alijibu.

Daktari akamwashiria dereva aanze kushusha. Mjukuu wangu alisimama pale, akijiuliza. Shangazi ni wa nje au wa ndani? Kama ni wa ndani, mbona alikuwa akimtoa kabla baba hajarudi? Swali hilo la pili ndilo lililomchoma.

"Daktari, Shangazi aliingia," alisema. "Yule mwenye kengele. Kila jioni. Nilimwingiza mimi."

Dereva alibaki na bati mkononi.

"Lakini Shangazi si mgeni!" mwanangu akadakia. "Ni mama yao!"

"Mzee, ugonjwa haujui undugu," daktari alijibu. "Shangazi analala na wale wa nje, anakunywa nao maji. Akiwa na ugonjwa, anaingia nao. Wiki tatu zinaanza upya."

Mabati yakarudi garini. Mama mtu akaufungua mwavuli.

"Si ungenyamaza tu wewe!" baba alimfokea mwanawe.

"Angenyamaza," daktari alisema, "halafu kondoo wakaugua njiani, mzigo wa wafugaji wote wa hapa ungerudishwa."

Mtoto alifuta machozi. "Lakini bila Shangazi hawali."

"Basi nimpime, avae hereni, aingie naye akae humo humo mpaka mwisho. Ninachokataza ni kuingia na kutoka."

"Kumbe inawezekana?" mwanangu akashangaa.

"Mbona hamkuniuliza?"

Mwanangu akakuna kisogo.

Safari ya pili wakapita. Lori likawachukua kondoo, Shangazi akarudi kwake na hereni yake, na jiko likapata paa. Jioni hiyo mama mtu alipika bila mwavuli, akamwita binti yake karibu.

"Mwanangu, sheria usiyoielewa, muulize mwenye nayo. Ukiona unaanza kufanya jambo kwa kificho, ujue moyo wako umeshaielewa."

Wakala, wakaenda kulala. Mtoto alisinzia mara tu alipojifunika; yaliyofuata nimeyapata kwa mama yake.

"Mama watoto," mwanangu aliita kitandani, "mwakani wakibadilisha tena, itakuwaje?"

"Tutauliza," mkewe alijibu, akageukia ukutani, akalala.

Mwanangu alikuna kisogo kidogo. Huko nje kengele ya Shangazi ililia mara moja, ikatulia. Naye akapitiwa na usingizi, mkono ukiwa bado kisogoni.