Jicho la Kushoto la Nasma

Soko la Mgandini Ijumaa asubuhi lilikuwa limefurika, kila mtu anagombania nazi kabla ya swala, ndipo jicho la kushoto la Nasma lilipoanza kucheza. Lilicheza mpaka muuza ndimu wa upande wa pili akaiweka sawa kofia akidhani anaitwa, na mbuzi mmoja, wallahi, akageuka. Lakini aliyekuja ni Msafiri, fundi baiskeli wa Ngamiani, shati limepigwa pasi, kucha zimejaa grisi.

"Bibie, umenikonyeza mara tano. Ya sita nitamwambia mama yako."

"Nani kakukonyeza, wewe? Jicho langu gonjwa."

"Basi likipona usinisahau."

Nasma alicheka mpaka ushungi wake wa zambarau ukateleza. Alikuwa mchora piko wa maharusi, umri miaka ishirini na sita, na hakuwa amecheka hivyo siku nyingi.

Maana si jicho tu. Mashavu ya miguu yalimcheza kutwa kucha, kama maji yanayotaka kuchemka. Mara bega, mara kidole gumba. Mganga mmoja alisema ni jini, wakaliwa jogoo wawili, na aliyewala si jini. Kisha zahanati moja ikamwandikia kifafa. Miaka minne alimeza vidonge vya usingizi mzito, mpaka akasinzia juu ya mkono wa bi harusi na ua likapanda hadi begani.

Tangu siku ile ya sokoni Msafiri alipiga simu kila jioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Dawa."

"Hiyo siyo chakula. Jumatatu tunakwenda hospitali kubwa, na mama yako twende naye."

Dakta Nehemia alimchoma visindano vyenye waya miguuni, akatazama mashine, akatikisa kichwa. "Kifafa huna, wala hujawahi kuwa nacho. Mishipa yako ya fahamu ina papara tu. Haikuui. Je, nyumbani kuna mwingine?"

Mama yake, Bi Mwatumu, alijibu kabla swali halijatua. "Ukoo wetu safi, dakta. Toka babu wa babu."

"Angekuwepo, ningesema ni ya kurithi. Sasa sijui. Ukizaa, mtoto huenda akaipata, huenda asiipate."

Nasma alitoka pale na neno moja tu sikioni: mtoto. Msafiri alishamchagulia jina mtoto wao wa kwanza, Asmahani. Wiki nzima simu ikalia, hakupokea. Siku ya nane akapokea.

"Nani huyo unayemkonyeza siku hizi?"

"Tafuta mwingine, Msafiri. Mwenye mwili uliotulia."

Akakata. Nusu saa baadaye baiskeli ikagonga ukuta wa nyumba yao Chumbageni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Bi Mwatumu, mguu ukiendesha cherehani.

Nasma alitoka na kanga kiunoni, piko ikimkaukia vidoleni. "Nizae mtoto achezwe na mwili? Aambiwe ana jini, aambiwe ana kifafa, nami nimtazame tu?"

Cherehani ikasimama, sindano juu. Mguu wa Bi Mwatumu ulishuka kwenye kanyagio, lakini haukuacha kucheza.

Nasma aliutazama. Maisha yake yote alidhani mama ni mchapakazi. Bi Mwatumu akapandisha kanga taratibu. Shavu la mguu lilikuwa likirukaruka kama lake.

"Toka kigori," alisema. "Washenga walipokuja waliuliza kama kwetu kuna maradhi. Bibi yako akanifunza niseme ukoo wetu safi. Nikasema. Sikujua tena kusema jingine."

"Hata kwa dakta, mama?"

"Aliuliza kama wao walivyouliza."

"Miaka minne, mama! Vidonge!"

Bi Mwatumu alilia bila sauti. Nasma akamgeukia Msafiri. "Basi ni ya kurithi. Umesikia. Nenda."

Msafiri hakwenda. "Mama, umezaa wangapi?"

"Sita."

"Wanaochezwa?"

"Huyu, na Shaib wa Kigombe. Shaib anasema ni mbu."

"Hajambo lakini?"

"Ana wake wawili!"

Nasma akatamani kucheka, akajizuia, akashindwa.

"Leteni washenga," alisema akijifuta macho. "Lakini mwanangu akichezwa, ataambiwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo wakiuliza, mama atajibu kweli. Wakiondoka, waondoke."

Walikuja Jumapili. Shangazi yake Msafiri, Bi Zuleha, alimaliza kahawa, akakohoa. "Samahani, ni desturi tu. Kwenu kuna maradhi?"

Nyuma ya pazia Nasma alibana pumzi. Bi Mwatumu akapandisha kanga.

"Kuna. Haya hapa. Binti anayo, na wajukuu huenda wakawa nayo."

Bi Zuleha aliinama, akaligusa shavu la mguu kwa kidole. "Linauma?"

"Linachosha."

Shangazi akajipangusa kidole, akajiweka sawa mkekani. "Haya. Tuzungumze mahari."

Nje ya dirisha Msafiri alijifanya anakaza mnyororo usiolegea. Akainua kichwa, akamwona Nasma dirishani. Jicho la kushoto la Nasma, kwa mara ya kwanza siku ile, lilikuwa limetulia tuli.

Nasma akamkonyeza kwa makusudi.